Kiti cha Serikali: Elimu Iliyofichika Ndani ya Mti wa Msaji

Katika mali zote za umma, huenda hakuna kinachotumiwa na watu wengi na kutazamwa na watu wachache kama kiti. Mwananchi hukikalia akingoja kuitwa na hakimu, mwanafunzi hukikalia akisikiliza mhadhara, karani hukikalia miaka thelathini mpaka anapostaafu. Kikivunjika hutupwa nyuma ya jengo, na hakuna anayeuliza kilitengenezwa vipi wala na nani. Hata hivyo, kiti kizuri ni jibu la maswali kadhaa ya kisayansi: tabia ya mti mbele ya unyevu, mwenendo wa nguvu katika viungo, na hesabu ya gharama kwa muda mrefu. Makala haya yanakusudia kuyaeleza maswali hayo kwa mfano mmoja mashuhuri, nao ni samani za msaji zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, mahakama na vyuo vya mji wa Chandigarh nchini India, tangu miaka ya 1950. Mfano huo una mafunzo mawili. La kwanza linahusu ufundi, na la pili linahusu jinsi taifa linavyoweza kupoteza mali yake kwa kuihesabu vibaya.

Mji uliohitaji kila kitu

Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947, jimbo la Punjab lilikatwa sehemu mbili, na mji wake mkuu, Lahore, ukaangukia upande wa Pakistan. Punjab ya India ikabaki bila makao makuu, huku ikiwa imejaa wakimbizi. Serikali ya Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru ikaamua kujenga mji mpya kabisa, yapata kilomita 250 kaskazini ya Delhi. Ramani ya kwanza ilichorwa na Mmarekani Albert Mayer pamoja na Matthew Nowicki, msanifu wa asili ya Poland. Nowicki alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1950, kazi ilipewa Le Corbusier, msanifu mashuhuri aliyefanya kazi Ufaransa. Pamoja naye walikuja binamu yake Pierre Jeanneret, na Waingereza wawili, Maxwell Fry na mkewe Jane Drew.

Le Corbusier alikuwa akija na kuondoka. Aliyebaki ni Jeanneret. Aliishi Chandigarh tangu 1951 hadi 1965, akawa Msanifu Mkuu wa mji, na alipofariki Uswisi mwaka 1967 aliacha wasia kwamba majivu yake yatawanywe katika ziwa Sukhna, pembezoni mwa mji huo. Kikosi chake kilikuwa na wasanifu vijana wa Kihindi, miongoni mwao Bi. Urmila Eulie Chowdhury, Bw. Jeet Malhotra na Bw. Aditya Prakash, ambao baadaye walipata sifa zao wenyewe.

Mji ulipangwa kuwapokea watu 150,000 kwanza, kisha 500,000. Fikiri, msomaji, maana ya tarakimu hizo kwa seremala. Mahakama Kuu, Jengo la Makatibu lenye urefu wa mita 254, Bunge la jimbo, chuo kikuu, hospitali, maktaba na nyumba za watumishi wa kila daraja, vyote vilihitaji viti, meza, madawati, makabati na rafu kwa maelfu. Viwanda vikubwa vya samani havikuwapo, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Kilichokuwapo ni mafundi seremala wenye msumeno, randa na patasi, waliotapakaa katika karakana ndogondogo. Ilibidi michoro ifuate uwezo wa karakana hizo: mbao nene, mistari iliyonyooka, viungo vinavyojulikana, na umbo moja la mguu linalorudiwa katika kiti, meza na dawati. Karakana mbalimbali zilipewa michoro ileile, kila moja ikaitekeleza kwa mkono wake. Ndiyo maana hata leo viti viwili vya namna moja havilingani sawasawa.

Kwa nini msaji?

Mti uliotumiwa zaidi ni msaji, ambao wengi wetu siku hizi huuita mtiki. Wataalamu wa mimea huuita Tectona grandis. Asili yake ni India, Myanmar, Thailand na Laos. Jina letu la msaji linafanana na saj, jina lake la Kiarabu, nalo linatukumbusha kwamba mbao hizi zilivuka Bahari ya Hindi kwa majahazi karne nyingi kabla ya msanifu yeyote wa kisasa kuzitamani. Baadhi ya milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ilitengenezwa kwa msaji uliotoka huko.

Sifa ya kwanza ya msaji ni utulivu wake. Kila ubao huvuta unyevu hewa inapokuwa na mvuke mwingi, na huutoa hewa inapokauka. Ukivuta, hutanuka, na ukitoa, husinyaa. Mwendo huo ni mdogo sana katika urefu wa ubao lakini ni mkubwa katika upana, hasa upana unaofuata mzunguko wa pete za mti. Chandigarh ni mahali pagumu kwa ubao, kwa maana kabla ya mvua joto hupita nyuzi 40 na hewa hukauka mno, kisha huja masika ya pepo za monsuni na hewa hujaa maji.

Tuchukue ubao wenye upana wa sentimita 30, uliopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa pete, nao uongezewe unyevu kutoka asilimia 8 hadi asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Ubao wa msaji utatanuka kwa milimita 3 na kitu. Ubao wa mwaloni mwekundu wa Marekani, katika hali hiyohiyo, utatanuka kwa zaidi ya milimita 6. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwa macho, lakini kiungo cha kiti hakina nafasi ya milimita hata moja. Kila msimu unaopita huusukuma na kuuvuta ubao ndani ya kiungo, gundi hupasuka, na kiti huanza kulia. Mti wenye mwendo mdogo huchelewesha siku hiyo kwa miaka mingi.

Sifa ya pili ni kinga yake ya asili. Moyo wa mti wa msaji, yaani ile sehemu ya ndani yenye rangi ya dhahabu iliyokolea, una kemikali za jamii ya kwinoni, mojawapo ikiitwa tektokwinoni, ambazo mchwa na kuvu hawazipendi. Una pia mafuta na utomvu wa jamii ya mpira, unaoufanya ubao uteleze mkononi na kuyakataa maji. Lakini yafaa kutahadhari hapa. Kinga hiyo imo katika moyo wa mti tu. Lile tabaka jeupe lililo karibu na gome huliwa kama mti mwingine wowote. Mnunuzi anayeambiwa kwamba mtiki hauliwi na mchwa ameambiwa nusu ya kweli.

Sifa ya tatu ni uzito wa wastani. Mita moja ya ujazo ya msaji mkavu ina uzito wa kilo 650 hivi, kwa hiyo ubao wake ni imara bila kuwa mzigo. Mti mbichi, kinyume chake, huzama majini. Kwa sababu hiyo wakataji wa Burma, nchi inayoitwa Myanmar leo, walikuwa na desturi ya kuumenya mti ukanda mmoja kuzunguka shina lake na kuuacha ufe na kukauka ungali umesimama, miaka miwili au mitatu, kabla ya kuuangusha na kuusafirisha kwa mto.

Kasoro pia zipo. Msaji una chembechembe za silika, ile iliyo katika mchanga, nazo huufanya msumeno na randa kuwa butu upesi. Na yale mafuta yanayoulinda mti huizuia gundi isishike. Fundi mwerevu hupaka gundi mara tu baada ya kupiga randa, kabla mafuta hayajapanda tena juu ya ubao.

Pembetatu ndani ya kiti

Mti mzuri peke yake hautoshi. Kiti hufa katika viungo vyake. Mtu akiegemea mgongo wa kiti kwa nguvu ya kilo 20, katika ncha iliyo sentimita 40 juu ya kiungo, na ulimi wa kiungo hicho ukiwa na kimo cha sentimita 4, basi kwa hesabu ya haraka kingo za ulimi hupata mkandamizo unaokaribia kilo 200. Ni kanuni ileile ya wenzo inayomwezesha mtu kung'oa jiwe kwa mtaimbo, ila hapa jiwe ni kiungo chetu wenyewe.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Chukua vijiti vinne vilivyo sawa, uvifunge ncha kwa ncha kwa uzi ili viwe mraba. Usukume upande mmoja kwa kidole. Mraba utalala, ingawa hakuna kijiti kilichovunjika. Sasa ondoa kijiti kimoja, ufunge vitatu vilivyobaki viwe pembetatu. Sukuma tena. Pembetatu haitalala, mpaka kijiti kivunjike au uzi ukatike. Katika mraba, usalama wote unategemea ugumu wa viungo. Katika pembetatu, umbo lenyewe ndilo linalokataa kubadilika.

Kiti cha kawaida chenye miguu minne iliyosimama wima ni mraba uliovaa nguo. Sasa tazama kiti cha ofisi cha Chandigarh kwa ubavuni. Katika vingi vyao, miguu miwili ya kila upande hukutana juu, chini ya mkono wa kiti, na kuachana kuelekea sakafuni kama bikari iliyofunguliwa. Katikati, ubao unaobeba kikalio huikata miguu hiyo, na umbo lote huwa kama herufi A. Hiyo ndiyo pembetatu yetu. Karani akiegemea nyuma, nguvu hushuka kwa kufuata urefu wa miguu, ambako mti una uwezo mkubwa zaidi, badala ya kuviachia viungo kazi yote. Wapenzi wa sanaa husema umbo hilo lapendeza, nao hawakosei. Lakini kabla ya kupendeza, linafanya kazi, tena kwa mbao zilizonyooka ambazo seremala yeyote anaweza kuzipasua.

Sehemu iliyokubaliwa kuharibika

Vikalio na migongo ya viti vingi vya Chandigarh vimesukwa kwa henzirani. Henzirani ni mmea wa jamii ya minazi utambaao juu ya miti ya msituni. Hupasuliwa nyuzi ndefu, hulowekwa majini ili zilainike, kisha husukwa kupitia matundu ya fremu. Zikikauka hukaza. Katika nchi ya joto msuko huo hupitisha hewa, jambo ambalo mto wa kitambaa hauwezi.

Henzirani hukatika upesi kuliko msaji, na wengine wanaweza kudhani hiyo ni dosari. Ukweli ni kinyume. Katika kifaa chochote kilichofikiriwa vema, sehemu inayochakaa haraka huwa rahisi kubadilishwa, na kuharibika kwake hakuidhuru ile iliyo ghali. Msusi mmoja aweza kuondoa henzirani iliyooza na kusuka nyingine bila kukifungua kiungo hata kimoja. Kiti hakitupwi, hurudishiwa kikalio. Linganisha na samani za mbao zilizogandamizwa kwa chembe za mti na gundi, ambazo zimeenea maofisini siku hizi. Zikipata maji huvimba na hazirudi katika umbo lake. Skurubu iking'oka, tundu lake hubaki limepanuka, halishiki tena. Bei yake ni nafuu siku ya kununua, lakini matengenezo yake hayawezekani.

Daftari lilikosa safu

Hadi hapa tumesimulia ushindi. Sasa yatupasa kusimulia hasara.

Kila kiti cha Chandigarh kiliandikwa namba ya mali ya serikali, kwa rangi au kwa kuchongwa, pamoja na kifupi cha jina la idara. Katika daftari kilipewa bei, na bei hiyo ikapunguzwa mwaka hadi mwaka, kama ilivyo kawaida ya uhasibu, mpaka ikafikia sifuri au karibu yake. Daftari lilikuwa na safu ya namba, ya bei na ya mahali. Halikuwa na safu ya aliyekibuni, ya mti uliotumiwa, wala ya uwezekano wa kukitengeneza. Samani za chuma na plastiki zilipoingia, viti vya msaji vilirundikwa kwenye mapaa ya majengo, viwanjani na boharini. Kisha vikauzwa kwa mnada, fungu kwa fungu, kwa bei ya mbao chakavu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wafanyabiashara wa sanaa kutoka Paris walifika, wakashiriki minada hiyo na kununua mafungu kwa mafungu. Walivisafirisha Ulaya, wakavikarabati, wakavichapishia vitabu na kuvifanyia maonyesho. Katika minada ya Ulaya na Marekani viti vilevile vikauzwa kwa maelfu ya dola, na baadhi ya vipande kwa makumi ya maelfu. Ile namba ya idara iliyopakwa rangi na karani ikawa ndiyo cheti cha uhalali, na ikawa ndiyo inayoghushiwa na wadanganyifu.

Je, wanunuzi hao walivunja sheria? Kwa jumla, walinunua katika minada halali ya serikali yenyewe. Sheria ya India ya Mambo ya Kale na Hazina za Sanaa, ya mwaka 1972, hukitambua kitu cha namna hii kuwa cha kale kikiwa na umri usiopungua miaka 100, nacho kiti cha mwaka 1955 hakitafikia umri huo kabla ya 2055. Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Ndani ya India ilipiga marufuku kuuza na kusafirisha nje samani za urithi za Chandigarh. Kamati maalumu ikaorodhesha zaidi ya vipande 12,000 vilivyosalia katika majengo ya umma. Mwaka 2016 UNESCO iliyaingiza majengo makuu ya mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na kazi nyingine za Le Corbusier katika nchi nyingine sita. Lakini viti vingi vilikwisha vuka bahari.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa sana. Katika vitabu vya minada, kiti huitwa cha Pierre Jeanneret. Mchango wa wasanifu wa Kihindi katika kuchora hutajwa kwa nadra, na majina ya maseremala na wasusi walio wengi hayapatikani popote, kwa sababu hayakuandikwa. Kitu kilichotengenezwa na wengi kimekuwa na jina moja, kwa kuwa soko hupenda jina moja. Daftari la serikali, lililoweza kuhifadhi majina hayo kwa gharama ya wino tu, halikufanya hivyo.

Nasi je?

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni ya India. Lakini msaji si mgeni kwetu. Ulipandwa Tanganyika tangu enzi ya Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19, huko Rufiji. Leo mashamba yake ya serikali yapo Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro, na makampuni yamepanda mengine katika bonde la Kilombero. Tena tunayo mininga na mivule, miti ambayo seremala wetu huijua kwa harufu yake tu. Shule, mahakama, maktaba na ofisi zetu za zamani zilijazwa samani za miti hiyo, zilizotengenezwa na mafundi wetu. Anayepita nyuma ya majengo ya umma huona mara nyingi miguu ya viti hivyo ikinyeshewa mvua.

Hatusemi kila kiti kikuukuu kipelekwe makumbusho. Kiti kilichofungiwa kabatini kimekoma kuwa kiti. Tunachosema ni kwamba kabla ya kukifuta katika daftari la mali, ofisa mhusika na amwite seremala, na wajibu maswali manne. Je, mti wake ni mgumu na moyo wake ungali mzima? Kwaruza chini ya kikalio, utaona rangi yake na kuisikia harufu yake. Je, kilicholegea ni kiungo tu? Kiungo hufunguliwa, husafishwa gundi ya zamani, na kufungwa upya. Je, kilichoharibika ni kikalio tu? Hicho kilikusudiwa kubadilishwa. Je, gharama ya matengenezo, ukiigawa kwa miaka ambayo kiti kitaendelea kutumika, yazidi gharama ya kununua kipya kila baada ya miaka michache? Hesabu hiyo ikifanywa kwa uaminifu, mara nyingi kiti cha zamani kitashinda.

Aidha, tunapoagiza samani mpya za umma, yafaa mkataba utaje aina ya mti, kwamba ubao uwe wa moyo wa mti na uliokaushwa ipasavyo, na kwamba sehemu zinazochakaa ziweze kubadilishwa. Msaji uliovunwa ungali mchanga una tabaka jeupe jingi na kinga kidogo, wala jina zuri halitaufanya uwe sawa na mti uliokomaa. Na katika daftari la mali iongezwe safu moja: kimetengenezwa na nani, wapi, mwaka gani. Safu hiyo haihitaji mashine wala fedha za kigeni. Itawasaidia warithi wetu kujua walichoachiwa, kabla mgeni hajaja mnadani kuwafahamisha.